Mparachichi Unaonyauka Msimu wa Mvua

Machi ikiingia Njombe, mvua haina mzaha. Barabara za vumbi zinageuka tope, mahindi yanarefuka, na kila kilichopandwa kinaonekana kushiba. Katikati ya neema hiyo, mche wa parachichi uliopandwa mwaka jana unainamisha majani. Haiwi shamba zima. Ni mitatu au minne, na mara nyingi ni ile ya upande wa bondeni. Majani yamepauka, yamelegea kutwa nzima, na ncha zimeanza kuwa kahawia. Mwenye shamba anautazama, anaona kiu, anachota ndoo ya maji na kuumwagia. Kesho yake anarudia. Wiki mbili baadaye mche umebaki kijiti.

Mche huo umekufa kwa kiu ukiwa umezama majini. Mizizi ikikosa hewa, au ikishaoza, haiwezi kufyonza hata tone, kwa hiyo udongo unaweza kuwa umelowa chepechepe huku majani yakiwa na ukame. Anayetazama juu tu anaona dalili ileile ya kiangazi, na tiba inayomjia kichwani ndiyo inayommaliza mgonjwa.

Habari hii inawagusa watu wengi kuliko zamani. Parachichi, ambalo magazeti yamelibatiza jina la dhahabu ya kijani, limeingia kwa kasi Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kutoka Iringa na Njombe hadi Rungwe, na huko kaskazini katika miteremko ya Kilimanjaro. Kenya ilitangulia: Murang'a na Kiambu wamelima la biashara kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Kenya ilisafirisha parachichi bichi kwenda China kwa mara ya kwanza, na Novemba mwaka huohuo Tanzania ikatia saini makubaliano yake ya kuuza huko. Mtu aliyelima mahindi au viazi maisha yake yote akasikia bei, akaenda kitaluni, akarudi na miche ya aina ya Hass garini.

Shida ni kwamba kila mmoja anadhani anaujua mparachichi. Nyumbani kwa babu upo mmoja wa kienyeji, umesimama pale tangu enzi, haujawahi kuona mbolea wala dawa, na kila mwaka unazaa mpaka watoto wanatupiana matunda. Mti ule, hata hivyo, uliota kwa mbegu palepale ulipoangukia. Mzizi wake ulishuka ulivyotaka. Tena hakuna anayekumbuka mbegu ngapi zilizoangukia mahali pabaya zikafa bila kuonekana. Hass wa kununua ana historia nyingine: ni kikonyo cha mti mmoja kilichobebeshwa juu ya shina la mwingine, mizizi yake ikafungiwa ndani ya kiriba cha plastiki kwa miezi, halafu mche ukasafirishwa ukitikiswa njia nzima mpaka kwenye shimo ambalo mtu mwingine amelichimba anavyojua yeye.

Asili ya mparachichi ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati. Huko udongo hufunikwa na majani yanayooza, umelegea, na mvua kubwa ikinyesha maji hupita haraka. Mti ukajijenga kulingana na mazingira hayo. Vimizizi vyake vya kulia chakula vinakaa juujuu, vingi katika sentimita 20 za kwanza, na tofauti na mimea mingi havina zile nywele laini za kunyonyea maji, au vinazo chache mno. Vinahitaji hewa nyingi. Maji yakituama siku chache tu, vinaanza kufa. Ukiupanda mti wa namna hiyo katika mfinyanzi wa bondeni, umeuhukumu kabla haujatoa jani la kwanza.

Bwana shamba mzoefu akiitwa kumwona mgonjwa, hupitisha jicho kwenye majani kwa heshima tu. "Shikamoo mzee. Jembe liko wapi?" Naye hapigi jembe kwa nguvu. Analala kifudifudi au anachuchumaa, anaondoa udongo kwa vidole kuzunguka shina, taratibu, akitafuta sehemu moja: pale shina linapotanuka kidogo kabla ya kugawanyika kuwa mizizi. Hapo ni shingoni, na ndipo panapotakiwa kuwa usawa wa ardhi. Ikiwa amefukua vidole vinne, vitano, na bado anakuta gome la shina limezikwa, likiwa laini na jeusi kwa unyevu, nusu ya jibu ameshaipata.

Mkulima atamwapia kwamba alipanda sawasawa, na huenda anasema kweli. Mashimo ya parachichi huchimbwa makubwa, sentimita 60 kwa 60 na kwenda chini hivyohivyo, na wengi huyajaza samadi na udongo wa juu siku hiyohiyo wanayopanda. Samadi ikiendelea kuoza inapungua ujazo. Udongo uliolegezwa unashindiliwa na mvua. Mche unashuka nao, polepole, bila mtu kuona. Ukijumlisha palizi mbili tatu zinazosukumia udongo shinani, na kile kisahani kilichochimbwa kuzunguka mche kwa ajili ya kumwagilia wakati wa kiangazi, masika yanapofika pale pamekuwa dimbwi. Samadi mbichi ina kosa la pili: inapooza hutoa joto na chumvi zinazounguza vimizizi vichanga. Ndiyo maana wataalamu husisitiza samadi iliyoiva, na shimo lifukiwe wiki kadhaa kabla ya kupanda ili litulie, kisha mche ukae juu kidogo ya usawa wa shamba.

Akishaona shingo ya mche, anapandisha jicho hadi kwenye kiungio, mahali kikonyo kilipoungwa na shina la chini. Ile nailoni ya kubebeshea ilitakiwa iondolewe kiungio kikishashika. Kitaluni huisahau, mkulima haijui, na shina likinenepa inalikaba. Ukiona uvimbe juu ya kiungio na wembamba chini yake, kata nailoni kwa wembe upande mmoja na uivue bila kujeruhi gome. Ni kazi ya dakika moja, na wapo walionunua chupa tatu za busta ya majani kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa wembe.

Hapohapo kwenye kiungio kuna udanganyifu mwingine. Mche unaweza kuonekana umefufuka, umetoa machipukizi manene ya kijani, mwenyewe akafurahi. Kumbe yote yametoka chini ya kiungio. Kikonyo cha Hass kinakufa taratibu, na kinachostawi ni parachichi la kienyeji lililotumika kama shina. Baada ya miaka kadhaa linazaa tunda lenye ganda jembamba, ambalo mnunuzi wa kampuni haligusi. Machipukizi ya chini ya kiungio yanatolewa yakiwa bado laini, kwa kidole.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, ingawa ndiyo inayosema mengi kuliko zote. Chini ya ukingo wa kivuli cha mche, si shinani, unachimbua kwa uangalifu kina cha kiganja. Unatafuta vimizizi vyembamba. Vya mti mzima ni vyeupe au rangi ya maziwa, ncha zake zimejaa, na ukikivunja kimoja kinakatika kwa mlio mdogo. Vya mti mgonjwa ni vyeusi, vinapukutika vidoleni, na ukivivuta ganda la nje linavuka na kubaki uzi wa katikati. Wakati mwingine hakuna kimizizi chochote. Chota pia udongo wenyewe, ukamue mkononi: ukitoa maji, ukinuka tope la kinamasi, hapana haja ya kuuliza mvua ilinyesha lini.

Vimizizi vyeusi kwenye udongo uliolowa vinamwelekeza mtaalamu kwa mtuhumiwa mkuu wa mparachichi duniani kote, kiumbe kinachoitwa Phytophthora cinnamomi. Jina lake la pili limetokana na mdalasini: mtafiti R. D. Rands alikieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1922, akiwa Sumatra, kwenye midalasini iliyokuwa ikioza. Watu hukiita kuvu, na dukani dawa zake zinakaa rafu moja na dawa za ukungu, ila kwa nasaba kipo mbali na kuvu wa kweli. Ndugu yake wa karibu ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa, na ndiye huyohuyo anayewasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua hadi leo. Kinachokifanya kiumbe hiki cha mparachichi kiwe hatari shambani ni kwamba mbegu zake zina vijimkia na huogelea. Udongo ukijaa maji, zinasafiri kwenye utando wa maji kati ya chembe za udongo, zinafuata harufu ya ncha za mizizi, zinang'ang'ania na kupenya. Ardhi ikikauka, kiumbe kinajifungia ndani ya mbegu zenye ganda gumu na kusubiri miaka. Kinashambulia maelfu ya aina za mimea, na husafiri kwa tope la buti, kwa jembe lililoazimwa, kwa mfereji, na zaidi ya yote kwa udongo wa kiriba.

Hata mti mama wa ukoo wote wa Hass haukuachwa na kiumbe hicho. Mwaka 1926 mgawa barua wa California aitwaye Rudolph Hass alipanda mbegu katika kishamba chake La Habra Heights. Alijaribu kuubebesha mche ule aina nyingine, vikonyo vikakataa kushika, na alikuwa tayari kuung'oa. Akashauriwa auache. Ulipozaa, tunda lake lilikuwa jeusi na lenye magamba, wakati wanunuzi wa siku zile walizoea maparachichi ya kijani na laini, lakini waliolionja walirudi kutaka jingine. Mwaka 1935 Hass akapata hataza yake. Kila mti wa Hass unaosimama leo Rungwe, Kandara au Lima ni kikonyo kilichotokana, kizazi baada ya kizazi, na mti ule mmoja. Mama huyo alikufa mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 76, baada ya kuuguzwa zaidi ya miaka 10. Ugonjwa wake ulikuwa kuoza mizizi.

Katika California hiyohiyo, kwenye tawi la Riverside la Chuo Kikuu cha California, mtafiti George Zentmyer alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kumfuatilia adui huyu, na mojawapo ya mbinu zake inaweza kufanywa na yeyote mwenye kikopo. Udongo na vimizizi kutoka chini ya mche unaotiliwa shaka vinawekwa kwenye chombo, maji yanamiminwa mpaka yauzidi udongo kwa vidole viwili, kisha parachichi bichi, gumu, lisilo na jeraha linakalishwa nusu ndani ya maji. Kama kiumbe kipo, mbegu zake zinaogelea na kulivamia. Siku chache baadaye doa la kahawia linajitokeza pale uso wa maji unapogusa ganda. Si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa jamaa zake wengine nao wanaweza kuacha doa la namna hiyo, na mwenye shamba kubwa hana budi kupeleka sampuli kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, iwe kwenye vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Tengeru na KALRO Kandara au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Lakini kwa mwenye miti 30 nyuma ya nyumba, kikopo hicho kinamsaidia kuamua wiki hii afanye nini.

Si kila mche unaonyong'onyea una ugonjwa wa mizizi. Majani yaliyoungua ncha na kingo, huku mengine yakiwa kijani kizuri na udongo ukiwa mkavu wa kawaida, mara nyingi yanalalamikia chumvi: mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa karibu na shina, au maji ya kisima. Parachichi halivumilii chumvi, na watu wa pwani wanaomwagilia kwa maji ya kisima yenye magadi wanaijua picha hiyo hata kama hawaijui sababu. Majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani yanaonyesha upungufu wa madini ya chuma, ambao hutokea pia mizizi ikikaa majini hata kama chuma kipo tele ardhini. Majani madogo yaliyosongamana, yenye mabaka kati ya mishipa, ni kilio cha zinki. Mche ulionyauka ghafla na kuyumba ukiusukuma kwa kidole, kama haujaoza, umekatwa mizizi na fuko au umeguguniwa na mchwa. Alama za meno na vijinjia vya udongo vinajieleza vyenyewe. Na gome lililobabuka upande wa magharibi ni jua la alasiri. Ngozi ya mparachichi mchanga ni nyembamba, na mche uliopoteza majani unaachwa uchi mbele ya jua.

Tuseme jembe limeshatoa hukumu: mche umezama, maji yanatuama, vimizizi vya juu ni vyeusi lakini chini ya gome la shina, ukilikwangua kwa ukucha, bado kuna kijani. Huyo anaweza kuponywa.

Kazi ya kwanza ni kuondoa maji, siyo kuongeza kitu. Kisahani kinafukiwa siku hiyohiyo. Kama shamba lina mteremko, mtaro mfupi unachimbwa juu ya mche ili maji yapite kando. Udongo uliolizika shina unaondolewa mpaka shingo ionekane, na eneo lote linapewa mwinamo wa kutoka shinani kwenda nje. Ikiwa mche una mwaka mmoja au chini ya hapo na umezama sana, dawa ya kweli ni kuunyanyua. Unachimba mbali na shina pande zote, unapitisha sepeto chini, watu wawili mnaunyanyua na bonge lake lote la udongo, mnaujengea tuta chini na kuukalisha juu yake. Tuta lenye kimo cha nusu mita na upana wa hatua mbili linaonekana kubwa kupita kiasi kwa mche wa kufikia magotini. Majirani watacheka, na tuta lenyewe litashuka kwa mvua ya msimu mmoja. Katika udongo mzito mashamba mengi ya nje hupanda hivyo tangu mwanzo. Kazi hii ifanywe asubuhi na mapema au siku ya mawingu, na bonge lisivunjike. Likivunjika, vile vimizizi vichache vilivyobaki vimekwisha.

Baada ya maji yanafuata matandazo, na hapa mkulima wa Njombe ana bahati asiyoijua. Takataka za kilimo chake na za viwanda vya mbao ndizo hasa zinazotakiwa: magome ya misonobari yaliyovunjwavunjwa, matawi ya miwati, mabua ya mahindi, nyasi ngumu. Tabaka la sentimita 10 hadi 15 linatandazwa kufikia ukingo wa kivuli, likiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili gome lisiloane. Faida yake si kuhifadhi unyevu tu. Viumbe vinavyoozesha mbao hutoa vimeng'enya vya kuyeyushia selulosi, na ukuta wa mwili wa Phytophthora umejengwa kwa selulosi hiyohiyo, jambo linalomtofautisha na kuvu wa kawaida. Kwa maneno mengine, matandazo yanapooza, adui naye anamumunywa. Vimizizi vipya hupenda kuchipua palepale udongo unapokutana na matandazo, mahali penye hewa na walinzi wengi.

Jambo hili lilikuwa likitendeka shambani kabla maabara haijaeleza kwa nini. Katika mlima wa Tamborine, Queensland, Australia, eneo lenye mvua nyingi na ugonjwa uliojaa ardhini, miaka ya 1970 watafiti walishangaa kukuta shamba moja la maparachichi likistawi. Adui alikuwemo. Kilichokuwa tofauti ni ardhi yenyewe: mwenye shamba, Guy Ashburner, aliitunza ifanane na udongo wa msitu, akiongeza mbolea ya kuku, chokaa na mazao ya kufunika ardhi mwaka hadi mwaka. Hakumfukuza adui. Alimjazia majirani wasiompa nafasi.

Dawa ya dukani ina mahali pake, na ni pa tatu. Inayotumika zaidi duniani kwa ugonjwa huu ni fosfoneti ya potasiamu, na watafiti wa Afrika Kusini ndio waliofungua njia miaka ya 1980 walipoonyesha kwamba dawa za ukoo huo zikidungwa ndani ya shina la mti, kwa bomba kama la sindano, zinaweza kuufufua mti uliokaribia kufa. Uzuri wake ni kwamba husafiri na utomvu kushuka hadi mizizini. Masharti yake yamo humohumo: utomvu unaelekea mizizini pale ambapo majani mapya yameshakomaa. Ukiiweka wakati mti unasukuma machipukizi, dawa yote inakimbilia juu. Mche mchanga una shina jembamba mno kwa sindano, hivyo hunyunyiziwa majani, na hapo kipimo cha kwenye kibandiko kifuatwe, maana kikizidi majani yanaungua. Na kama mche bado umesimama kwenye dimbwi, pesa hiyo ingenunua chumvi ya mwezi.

Mbolea isubiri. Hili ni gumu kulipokea, kwa sababu mche wa njano unaonekana una njaa, na kila duka la pembejeo lina kopo lenye picha ya majani mabichi. Mti usio na vimizizi hauna mdomo. Chumvi za mbolea zitakaa pale na kuunguza vichache vinavyojaribu kuota. Wengi wanaouza busta hawamdanganyi mteja kwa makusudi. Wanauza alichoomba. Lakini swali la kwanza dukani lingekuwa "umeufukua?", nusu ya makopo yale yangebaki rafuni.

Matawi yaliyokufa yanapunguzwa mpaka kwenye uhai, ili juu pasiwe pakubwa kuliko mizizi inavyoweza kulisha. Maua yote yanaondolewa. Hass aliyebebeshwa huweza kutoa maua akiwa bado mdogo sana, na mti unaougua hupenda kuzaa kwa pupa. Vitunda hivyo vitatu vinavyomfurahisha mwenye shamba ndivyo vinavyoumalizia nguvu. Shina na matawi yaliyobaki wazi yanapakwa chokaa, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, kuzuia jua. Kumwagilia kunaendelea tu pale udongo wa kina cha kiganja ukikamuliwa haushikamani.

Halafu ni kungoja. Majani ya zamani hayarudi kijani, kwa hiyo kuyatazama kila asubuhi ni kujisumbua. Baada ya wiki kadhaa inua pembe moja ya matandazo, utafute weupe. Vincha vyeupe vikionekana, mche umepona ingawa juu bado unatia huruma, na machipukizi yatafuata kwa wakati wake. Visipoonekana, na ukwanguaji wa gome ukionyesha kahawia mpaka karibu na kiungio, ng'oa. Mche mmoja unaoendelea kuoza kwenye safu unaigharimu mingine kumi iliyo chini yake.

Sehemu kubwa ya mateso haya hununuliwa kitaluni. Miche iliyopangwa chini kwenye udongo mtupu, ikimwagiliwa kwa maji ya mfereji, inaweza kubeba ugonjwa ikiwa bado inang'aa. Kitalu cha uhakika huinua viriba juu ya kokoto au meza, hutumia udongo uliochemshwa kwa mvuke au kuanikwa juani chini ya nailoni, na humruhusu mteja kupasua kiriba kimoja. Mnunuzi asione haya kuomba. Mizizi iliyojizungusha chini ya kiriba kama mkia wa nguruwe haitanyooka ikifika shambani. Lipo pia suala la shina la chini. Huko Westfalia, Limpopo, Afrika Kusini, watafiti walizunguka mashamba yaliyoangamia wakitafuta miti iliyobaki hai peke yake, na kutokana na mmoja wa manusura hao likapatikana shina linaloitwa Dusa, ambalo leo linatumika nchi nyingi kwa kuvumilia ugonjwa huu. Kwetu miche mingi bado inabebeshwa juu ya mbegu yoyote ya kienyeji iliyookotwa sokoni, na bei ya chini ya miche hiyo ina maelezo yake.

Shimo la mche uliokufa lisipandwe parachichi jingine msimu ujao, hata kama pengo kwenye safu linaudhi. Mizizi yake yote inachimbuliwa na kuchomwa, isitupwe kwenye mtaro unaoshuka kwa jirani. Mahindi yanaweza kukaa pale bila wasiwasi, kwa kuwa adui huyu hana habari nayo. Jembe na buti vinakwanguliwa tope na kuoshwa kabla ya kuhamia sehemu nyingine, na palizi ya shamba lote ianzie juu, kwenye miche mizima, ishuke kuelekea iliyougua.